Ndege Safi wa Titye

Watu wakiniuliza nilisomea nini, huwa najibu "biolojia" na kubadili mada. Nikisema ukweli wote, kwamba nilisomea bakteria wanaoishi kwenye manyoya ya ndege wa porini, napata moja ya maswali mawili. La kwanza ni kama hao ndege wanaumwa. La pili, ambalo huulizwa kwa sauti ya chini na kwa huruma, ni kama hakukuwa na kozi nyingine.

Hawaumwi, na kozi nyingine zilikuwepo. Hii niliipenda. Nilipenda kwamba unyoya mmoja wa shore, ndege ambaye hakuna mtu Kasulu anayegeuza shingo kumtazama, una wakazi wake: wapo wanaoula unyoya wenyewe polepole, wapo wanaowafukuza hao walaji, na shore mwenyewe yuko juu ya mti anapiga kelele bila habari. Nilitaka kujua ni akina nani wanaishi pale, na kama ndege wa Kasulu wana wapangaji sawa na wale wa Kibondo. Basi. Hakukuwa na mgonjwa anayesubiri dawa kutokana na utafiti huu. Kulikuwa na shahada ya uzamili, na barua kutoka chuoni iliyosema kwa adabu kubwa kwamba nisipokabidhi tasnifu kwa wakati nafasi yangu itafutwa.

Maeneo yangu yalikuwa mawili. Upande wa Kibondo nilichagua Murungu kwa sababu shangazi yangu anaishi huko, na upande wa Kasulu nilichagua Titye kwa sababu ni nyumbani. Kwenye pendekezo la utafiti niliandika sababu nyingine kabisa, za mwinuko na uoto, na msimamizi wangu akazisifu. Ukweli ni kwamba nilikwenda mahali ambapo ningepewa ugali bila kuulizwa nitaondoka lini.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Alfajiri unafunga wavu mwembamba kati ya fito mbili ukingoni mwa shamba, pale migomba inapokutana na vichaka. Ndege hauoni, anaingia, ananasa. Unamtoa taratibu, unampitishia kijiti cha pamba safi kwenye bawa na kifuani, kijiti unakifunga ndani ya kichupa na kukiweka kwenye boksi la barafu, ndege unamwachia aende zake akiwa na hasira. Baadaye, maabara, kile kijiti unakipaka kwenye kisahani chenye rojo ya chakula cha bakteria, unakiweka kwenye joto, unasubiri uone nani ataota. Murungu nilifanya yote hayo mwenyewe kwa wiki tatu, nikatoka na mikwaruzo mikononi na jina la "yule binti anayekamata ndege halafu hali". Titye nilikuwa na baba.

Baba yangu alikuwa dresa. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi wakiwa wamembeba mgongoni, na alipokua akapata kazi kwenye zahanati ya kambi ya wakimbizi, akaifanya mpaka nywele zikawa nyeupe: kuosha vidonda, kuvifunga, kuchoma sindano, kuchemsha vifaa. Kutoka kwa wauguzi wa Kikongo alijifunza kuita kidonda kilichofungwa vizuri "pansema", na mpaka leo hata mfuko wa maharage uliofungwa vizuri nyumbani kwetu ni pansema.

Alistaafu mwaka mmoja kabla sijaanza utafiti, na kustaafu hakukumfaa. Alizunguka nyumba akitafuta cha kusafisha. Alisugua masufuria upande wa nje, akakata kucha za watoto wa jirani bila kuombwa, akamuuliza mama kitambaa cha vyombo kilifuliwa lini. Mama alivumilia mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili aliniambia, baba akiwa palepale anasikia, "Mimi niliolewa na mwanamume anayeondoka asubuhi. Huyu simfahamu."

Kwa hiyo nilipomwomba anisaidie kutoa ndege kwenye nyavu, nilidhani nawafanyia hisani watu watatu kwa pamoja. Aliniuliza maswali mawili tu: tutaanza saa ngapi, na atavaa nini. La pili sikulijibu vizuri, kwani kesho yake alitokea na koti lake jeupe la zahanati, limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Ndege walimwona tangu Buhigwe, wilaya ya jirani. Hatukupata hata mmoja asubuhi ile. Nilimbembeleza sana ndipo akakubali kuvaa koti la mvua la kijani juu yake, lakini lile jeupe hakulivua. Lilibaki chini, kwa heshima ya kazi.

Baada ya hapo niligundua kwamba sijawahi kuona mikono kama ile. Mimi ndege alikuwa akininasia kwenye wavu mpaka nakaribia kulia. Baba alikuwa anamkunjua uzi kwa uzi, na huku anamsemesha, kama alivyosemesha wagonjwa wake wote: "Pole, mama. Tunamaliza sasa hivi. Usitazame huku." Ndege walitulia. Nilimwona akitabasamu, jambo ambalo mama alikuwa ameacha kulitegemea.

Kazi tuliigawa hivi. Anayetoa ndege hushika majani, udongo na kinyesi, na mimi mikono yangu ilitakiwa isiguse chochote isipokuwa kijiti. Kwa hiyo nilikaa mezani, na glavu zangu, hatua kama hamsini kutoka kwenye nyavu, nyuma ya migomba. Baba alimtoa ndege kule, akamweka kwenye kifuko cha kitambaa, akaja naye. Meza yangu nilikuwa naifuta kwa spiriti kila mara, mkasi pia, kwa hiyo harufu ya spiriti ilikuwa kila mahali na hakuna aliyejiuliza inatoka wapi. Tulikwenda hivyo msimu mzima wa kiangazi. Sijui kama niliwahi kufurahi na baba yangu kuliko siku zile. Saa nne tulikuwa tunakunja nyavu na kunywa chai palepale shambani, na ananiuliza kila ndege ameonekanaje, kwa sauti ya mtu anayeulizia wodi yake.

Maabara ndipo mambo yalipopamba moto. Visahani vya Murungu vilikuwa soko siku ya gulio: madoa ya njano, meupe, ya waridi, mengine yanateleza, mengine yana ukungu wa kuvu juu yake. Visahani vya Titye vilikuwa na kitu kimoja tu. Madoa makavu, yenye makunyanzi, yaleyale, kutoka kwa shore hadi kwa tetere hadi kwa mnana. Vingine havikuota chochote kabisa. Nilirudia. Ikawa vilevile.

Msimamizi wangu ni mtu mpole ambaye sikuwahi kumwona akinyanyuka haraka. Alipoviona visahani vile viwili bega kwa bega, alinyanyuka haraka. Akaniambia kwamba ndege wana tezi ya mafuta karibu na mkia, kwamba hujipaka mafuta hayo kwa mdomo, na kwamba huenda ndege wa Titye wanakula tunda fulani linaloyafanya mafuta yale yaue bakteria wote isipokuwa hao sugu. Akaanza kutumia neno "ugunduzi". Ndani ya wiki moja alikuwa ameshachora mchoro wenye mishale. Ndani ya wiki mbili na mimi nilikuwa naota nimesimama mbele ya ukumbi, nimevaa viatu ambavyo sina.

Kosa langu lilikuwa kupiga simu nyumbani. Nilimwambia baba kwamba ndege wa Titye ni wasafi ajabu kuliko wa Murungu. Aliitikia kwa Kirundi, kwa furaha ambayo hata hakuificha, "Ego. Nilijua." Nilidhani ni majivuno ya mtu na kwao.

Habari hiyo haikukaa nyumbani kwetu. Kanisani wakaisikia, sokoni wakaisikia, na kwenye mkutano wa kijiji mtu mmoja alisimama akasema wazi kwamba sasa hata sayansi imekubali usafi wa Titye. Halafu ikapanda gari ikaenda Kibondo. Shangazi alinipigia simu saa moja asubuhi.

"Nasikia umepeleka chuo kwamba ndege wetu wachafu."

"Shikamoo, shangazi. Si wachafu. Ni bakteria tu."

"Marahaba. Nilikulaza kwangu wiki tatu. Ukala maharage yangu. Ukaoga maji niliyochota kwa mkono wangu. Ukatoka hapo ukaenda kuandika kwamba Murungu kuna bakteria."

"Bakteria wapo kila mahali, shangazi. Hata mwilini mwako wapo."

"Ndiyo hivyo sasa, umefika mpaka kwangu mwenyewe." Akavuta pumzi. "Kama wapo kila mahali, Titye mbona hawapo?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa na wasomi mwaka ule mzima. Nililipuuza kwa sababu liliulizwa na shangazi.

Msimamizi alitaka sampuli chache za nyongeza kabla ya kutangaza ugunduzi wake, maana tayari ulikuwa wake. Nikarudi nyumbani kiangazi kilichofuata. Siku ya kwanza nilipita Kasulu mjini kwenye duka la dawa kununua glavu na pamba. Mwenye duka ni mzee wa Kiislamu ambaye watu wake wako Tanga, na salamu zake zina mwendo wa huko. Huwezi kununua hata panadoli kabla hajamuulizia kila mtu wa nyumbani kwako, mmoja mmoja.

"Na baba hajambo?"

"Hajambo, mzee wangu."

"Alhamdulilahi. Maana mwaka jana nilipata wasiwasi, mwanangu, nikaona si adabu kuuliza. Spiriti alikuwa anaichukua chupa kwa chupa. Na wiki hii kaja tena. Nikasema labda mna mtu ana kidonda kibaya huko ndani, Mungu apishie mbali."

Hatukuwa na mtu mwenye kidonda. Baba yangu hajawahi kuonja hata pombe ya ndizi ya harusini, na mara moja nilimwona kwa macho ya akili akiwa nyuma ya migomba na chupa mdomoni, mstaafu aliyeishiwa na pa kwenda. Nilijilaumu njia nzima. Jioni niliinuka mezani nikiwa wa mwisho, nikachukua kikombe chake cha chai nikakinusa.

"Unatafuta nini kwenye kikombe cha baba yako?" mama akauliza kutoka mlangoni.

Nikasema natafuta mdudu. Kwa kazi yangu, halikuwa jibu la ajabu.

Asubuhi iliyofuata nilikaa mezani kama kawaida mpaka niliposikia ndege wa kwanza amenasa. Kisha nikavua glavu, nikapita kati ya migomba taratibu, nikasimama mahali ambapo baba hakuniona.

Alikuwa amechuchumaa. Mkono wa kushoto ameshika shore, kichwa chake kimetokeza kati ya vidole viwili. Mbele yake, juu ya jani la mgomba lililopanguswa, palikuwa na chupa ya spiriti na pamba zilizofinyangwa vidonge vidogo vya ukubwa sawa. Alichukua moja, akailoweka, akaipitisha kwenye bawa kuanzia begani kwenda nje, mara moja tu, bila kurudi nyuma, akaitupa kwenye mfuko. Akachukua nyingine kwa bawa la pili. Nyingine kifuani. Halafu akampepea kwa kipande cha boksi mpaka akakauka, kwa sababu, kama alivyotufundisha sisi watoto wake tangu hatujui kusoma, sehemu iliyopakwa spiriti haipulizwi kwa mdomo. "Pole, mama," alikuwa anasema. "Sasa uko tayari."

Nakumbuka nilishika mgomba.

"Baba, unafanya nini?"

Hakushtuka, maana hakuwa anajificha. "Namwandaa."

"Unamwandaa?"

"Huwezi kuchukua kipimo kwa mgonjwa ambaye hajasafishwa, mwananje. Utapata majibu ya uchafu, hutapata majibu ya mgonjwa." Alisema kwa upole, akishangaa kidogo kwamba chuo hakijanifundisha.

"Tangu lini?"

"Tangu yule wa kwanza kabisa." Akajinyoosha, na chini ya koti la kijani lile jeupe likaonekana. "Hakuna hata mmoja aliyefika mezani kwako bila kuandaliwa. Hata siku ile ya mvua."

Sitaki kumcheka hapa, ingawa nimecheka mara nyingi baadaye. Alikuwa sahihi kwa namna aliyofundishwa. Kabla ya sindano, spiriti. Kabla ya kutoa damu, spiriti. Maisha yake yote kipimo kilikuwa kitu kilichojificha ndani ya mtu, na ngozi ilikuwa kikwazo tu njiani. Nilimweleza kamba, fito, na namna ya kubeba kifuko. Kwamba mimi nilikuwa nautafuta ule uchafu wenyewe, hilo sikumweleza, kwa sababu niliona ni wazi mno. Kosa la kwanza lilikuwa langu, na nilikuwa nimelifanya nikiwa na digrii.

Na yale madoa makavu yenye makunyanzi? Wapo bakteria ambao wakibanwa hujifungia ndani ya ganda gumu, spiriti ikapita juu yao, kisha wakatoka salama. Hao ndio walioota kwenye visahani vyangu. Ugunduzi wetu, mishale na yote, ulikuwa orodha ya wanaoweza kumstahimili baba yangu. Mama alistahili kuwa wa kwanza kwenye orodha hiyo.

Ningemwambia palepale. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini alikuwa ameniinulia yule shore kwa mikono miwili, amekauka, manyoya yamelala vizuri, na uso wa baba ulikuwa uso ambao mwaka ule mzima wa kustaafu, kabla ya nyavu, sikuwa nimeuona nyumbani kwetu.

"Chuo kimebadilisha utaratibu," nikasema. "Sasa hivi wanataka ambao hawajaandaliwa."

"Wanataka wachafu?"

"Wanataka wachafu, Baba."

Alitikisa kichwa kwa ajili ya elimu ya nchi hii. Lakini utaratibu ni utaratibu, na kuanzia asubuhi ile alifuata huo mpya bila kuruka hata mara moja. Ila kila alipoleta kifuko mezani aliniomba radhi. "Huyu hajaandaliwa," alikuwa anasema, na kuangalia pembeni.

Kwa msimamizi nilisema kweli, kwa simu, nimesimama peke yangu karibu na shimo la takataka ili nisisikike. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaribu mlango ambao anajua umefungwa, kama hatuwezi kusema tulikusudia kusafisha ili tuwapate sugu peke yao. Nikajibu labda tunaweza. Tuliishi na hilo "labda" siku mbili. Siku ya tatu alipiga yeye mwenyewe akasema hapana, turudie Titye yote, ataniombea muda chuoni. Nadhani siku hiyo aliuchana mchoro wake, na kwa hilo namheshimu.

Muda ulitolewa, mara moja tu na kwa masharti. Nilirudia Titye yote kiangazi kile. Ndege wa Titye wakatoka na bakteria walewale wa Murungu, wa njano, weupe na wa waridi, pamoja na wale wenye makunyanzi. Hakukuwa na tofauti yoyote. Hiyo ndiyo tasnifu yangu: kurasa nyingi zinazosema hakuna tofauti. Shangazi aliposikia aliniambia angeweza kunieleza hivyo siku ya kwanza, bure, na nisingemaliza maharage yake.

Lakini kwenye sura ya mbinu za utafiti palikuwa na shimo, na lilinisumbua kuliko sura nyingine zote. Ilibidi niseme kwa nini msimu mzima haukutumika. Niliandika ukweli, nikaufuta. Nikauandika kwa maneno mengine, nikaufuta. Kila nilivyoandika, nilimwona baba amekaa na kitabu mapajani. Alikuwa ameshasema kwamba nakala ya kwanza ni yake. Ikiwa atakuta pale kwamba ndiye aliyeua kila kitu, kwa mikono ileile aliyojivunia, nitakuwa nimemrudisha kwenye kusugua masufuria, na safari hii bila hata kiburi chake. Mwishowe niliandika sentensi moja fupi: sampuli za Titye za msimu wa kwanza hazikutumika kwa sababu za kiufundi. Msimamizi aliipitisha. Watahini waliipitisha. Hakuna mtu chuoni anayeuliza sababu za kiufundi ni zipi, kwani kila mmoja ana zake. Na mimi nilijiona binti mwema.

Nilimpelekea nakala yake imejalidiwa. Alinawa mikono kabla ya kuipokea. Kiingereza chake ni cha maboksi ya dawa, kwa hiyo aliazima kamusi kwa mwalimu jirani, akakaa barazani kila siku baada ya chai, kamusi goti la kulia, tasnifu goti la kushoto. Alikwenda ukurasa kwa ukurasa. Mama aliniambia kwamba nyumba imekuwa na amani. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimeuficha ukweli mahali ambapo watahini walipita bila kuuona.

Siku moja mchana, nikiwa nachambua maharage, aliniita. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari.

"Hapa panasema sampuli za Titye za msimu wa kwanza hazikutumika."

"Ndiyo, Baba."

"Zile nilizoandaa."

"Ndiyo."

"Na hizi sababu za kiufundi." Alivua miwani, akanitazama. "Ni mimi?"

Ningeweza kumdanganya tena, na nadhani angeniachia nimdanganye. Nikasema, "Ndiyo, Baba. Spiriti iliwaua. Wengi wao."

Akauliza kama chuo kweli kilibadilisha utaratibu, nikasema hakikubadilisha. Machozi yalikuwa yananitoka tayari, nikamwambia sikutaka kumuumiza.

"Umeniumiza," alisema. Hakupandisha sauti. "Unafikiri kambini sikukosea? Nilikosea. Dozi. Jina la mtoto. Kuna kidonda nilikifunga mapema, mtu akapoteza kidole. Yote niliandika kwenye daftari la zamu na kutia sahihi, na kulipokucha nikarudi kazini. Unajua kwa nini tuliandika? Anayeingia zamu baada yangu asirudie." Akagonga ule mstari kwa ukucha. "Kesho mtu mwingine atasoma kitabu hiki. Naye atamtafuta mzee wa kumsaidia, mzee msafi, kama mimi. Na yule mzee ataandaa ndege. Wewe ulijua, ukamwachia."

Nilikuwa nimemlinda kwa miezi, na kumbe muda wote huo nilikuwa nimemfanya mdogo kuliko alivyo.

Aliomba kalamu. Pembeni mwa ukurasa, kwa Kiswahili, kwa herufi zilizonyooka kama za kwenye vibandiko vya chupa za dawa, akaandika polepole huku akitamka kila neno: "Ndege wa msimu wa kwanza walipanguswa kwa spiriti kabla ya kipimo. Kosa la msaidizi. Mtafiti alijua, hakuandika." Akaweka tarehe. Akatia sahihi yake. Kisha akanisogezea kitabu na kalamu, akasubiri.

Nilitia sahihi chini ya yake. Nakala iliyoko maktaba ya chuo haina maneno hayo.